Fender Blues Junior baada ya mwaka mmoja Mtwara: amplifaya yangu ya kwanza ya valvu

Kwa miaka tisa nimepiga gitaa la solo katika harusi na sherehe za mjini Mtwara na vitongoji vyake bila kumiliki amplifaya iliyostahili kuitwa chombo cha muziki. Ukumbini gitaa liliingia moja kwa moja kwenye mikisa ya vyombo vya kukodi na kutokea katika spika zilezile zinazobeba sauti ya mshereheshaji. Nyumbani Chuno nilikuwa na kiamplifaya cha transista cha wati 10 ambacho kilitosha kwa kufanyia mazoezi ya vidole na si zaidi ya hapo. Novemba ya mwaka jana, baada ya kuweka akiba kwa misimu miwili ya harusi, nilinunua Fender Blues Junior, toleo la nne, iliyokwisha kutumika, kwa shilingi 1,300,000, kutoka kwa mpigaji mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa anahamia kwenye vifaa vya kidijitali. Nimekaa nayo mwaka mzima. Namwandikia mpigaji wa huku Kusini anayejiuliza kama fedha za namna hiyo zinastahili kutolewa kwa kisanduku chenye spika moja, na jibu langu ni kwamba zinastahili, mradi mnunuzi atenge fedha nyingine za kuilinda na umeme wetu, na mradi awe tayari kujifunza upya kupiga gitaa, kwa sababu amplifaya hii huufuata mkono wa mpigaji kila unapokwenda, na huyatoa makosa kwa uaminifu uleule inaoyatoa mazuri.

Kwanza niseme neno kuhusu jina. Wamarekani huziita tyubu, lakini kwetu tyubu ni ya gurudumu, na mafundi wazee wa redio wana neno lao, valvu, ambalo nitalifuata. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachopashwa moto mpaka kikaachia elektroni, mna bamba lenye volti nyingi linalozivuta elektroni hizo, na kati ya viwili hivyo mna wavu mwembamba wa waya. Umeme hafifu unaotoka kwenye gitaa hupelekwa kwenye wavu, nao wavu huuachia na kuubana ule mkondo mkubwa unaopita, kama mkono wa mtoto unavyoweza kutawala maji yote ya tangi kwa kuzungusha koki. Mmarekani Lee de Forest aliuongeza wavu huo mwaka 1906, na kwa miongo iliyofuata redio nyingi zilitegemea valvu hadi transista, kijipande kidogo kigumu kinachofanya kazi hiyohiyo, kilichovumbuliwa mwaka 1947, ilipozisukuma nje ya karibu kila chombo. Wapiga gitaa ni miongoni mwa watu wachache waliokataa kuziacha.

Blues Junior ina valvu tano: tatu ndogo za aina ya 12AX7, ambazo Ulaya hujulikana kama ECC83, na mbili za nguvu za aina ya EL84. Hizi mbili za nguvu hupokezana, moja ikisukuma nusu ya wimbi la sauti na nyingine nusu iliyobaki, kama watu wawili wanaovutana msumeno mrefu kupasua gogo. Nguvu yake ni wati 15, spika yake ni ya inchi 12, na uzito wake ni takriban kilo 14, ambao mtu mmoja anaubeba kwa mkono mmoja kutoka kwenye bajaji hadi jukwaani bila kuomba msaada. Juu yake kuna vitufe vya kuzungusha vya voliyumu, trebo, besi, sauti ya kati, masta na mwangwi, pamoja na swichi moja ndogo iliyoandikwa FAT. Haina tundu la hedifoni, haina bluetooth, haina sauti za kuiga amplifaya nyingine. Mtu anayehesabu vitu kwa wingi wake ataona amelipa pesa nyingi kwa vitu vichache.

Usiku wa kwanza baada ya kutoka kwa fundi, ambaye nitamweleza mbele, ulinivunja moyo, na nauelezea kwa urefu kwa sababu naamini wengi huishia hapo na kuiuza. Nilikuwa na haraka ya kusikia ule mkwaruzo mtamu ambao watu husifia katika amplifaya za valvu, lakini ilikuwa saa tatu usiku na watoto wamelala. Kwa hiyo niliweka masta kwenye mbili na kupandisha voliyumu hadi nane, kama nilivyozoea kufanya kwenye kile kiamplifaya changu cha zamani. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, yenye mchanga, mfano wa redio iliyoachwa pembeni kidogo ya stesheni. Nilipandisha trebo nikidhani itajisafisha, ikazidi kuwasha masikio. Niliizima na kulala nikiwa na hakika kwamba nimetupa akiba ya miaka miwili.

Jumamosi iliyofuata familia ilikwenda Mikindani kwa ndugu, nami nikabaki na nyumba peke yangu. Safari hii nilifanya kinyume: masta nikaifungua hadi kumi, voliyumu nikaishusha hadi tatu, trebo tano, besi nne, sauti ya kati saba. Nilipopiga kodi ya kwanza ya G, yaani noti kadhaa kwa pamoja, vioo vya dirisha la sebuleni viliitikia. Sauti ilikuwa safi, pana, yenye kifua. Ndipo nilipoelewa kwamba vitufe hivi viwili havifanyi kazi moja kwa majina mawili. Voliyumu huamua ni kiasi gani valvu ndogo za mwanzo zitazidiwa. Masta huamua ni kiasi gani cha kilichopatikana kitapelekwa kwa zile valvu mbili za nguvu. Ukifungua ya kwanza na kubana ya pili, unasikia valvu ndogo zikikwaruza peke yao, huku zile kubwa zikiwa zimekaa bila kazi. Ukifungua masta na kuongoza kwa voliyumu, valvu za nguvu, transfoma na spika vyote vinashiriki, na hapo ndipo sauti iliyonifanya niitafute amplifaya hii inapokaa.

Nilikaa saa nzima na noti moja tu, A ya uzi wa nne, kwenye kituo cha saba cha shingo ya gitaa. Nilipoigusa kwa nyama ya kidole gumba ilitoka ya mviringo, haina hata chembe ya uchafu. Nilipoivuta kwa ukucha wa kidole cha shahada, bila kugusa kitufe chochote, ilianza na mkwaruzo mdogo kama wa ulimi wa filimbi, ikajaa, kisha mkwaruzo ukayeyuka na noti ikabaki ikiimba yenyewe mpaka ikazimika. Kati ya miguso hiyo miwili kulikuwa na ngazi nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila ngazi ilikuwa chini ya kidole changu. Sababu yake inajulikana: transista ya kawaida ikizidiwa hulikata wimbi kwa mpigo mmoja, kama panga, ilhali valvu huanza kulibana mapema, kidogo kidogo, kabla haijalikata, na kwa hiyo mpaka kati ya sauti safi na sauti yenye mkwaruzo si ukuta bali ni mteremko. Mpigaji anaweza kusimama popote kwenye mteremko huo kwa nguvu ya mkono wake tu.

Kutokana na hilo nimeacha karibu kabisa kugusa vitufe vya amplifaya katikati ya wimbo. Naiweka mahali ambapo pigo la nguvu linakwaruza kidogo na pigo la kawaida linabaki safi, kisha kazi iliyobaki naifanya kwa kitufe cha sauti kilichoko kwenye gitaa lenyewe. Kikiwa kwenye sita nasindikiza nyuma ya mwimbaji bila kumfunika. Nikikipandisha hadi kumi kwa kidole kidogo wakati sebene linapoanza, solo inatoka mbele. Kile kiamplifaya changu cha transista, nilipopunguza sauti kwenye gitaa, kilipungua tu. Hii hubadilika tabia.

Hapa lazima nieleze upande wake mgumu. Muziki wa dansi tunaoupiga hausamehe noti zilizopakana. Solo, solo ya pili na rizimu hufumana kama ukili, kila mmoja akiingia pale mwenzake alipoacha nafasi, na noti isiyo na mwanzo ulio wazi huchafua kazi ya watu watatu. Katika mikisa ya kukodi, ambako kila kitu hutoka kimebanwa, sikuwahi kujua kwamba pigo langu la kwenda juu ni dhaifu kuliko la kwenda chini. Blues Junior iliniambia ndani ya wiki moja. Nilijirekodi kwa simu nikipiga rizimu ya dakika nne, na nilipoisikiliza kila pigo la pili lilikuwa limezama. Nilirudi kwenye mazoezi ya polepole ambayo sikuwa nimeyafanya tangu nilipokuwa mwanafunzi, na haikuwa mpaka mwezi wa tatu nilipoanza kusikia mapigo yangu yamelingana. Sioni hili kuwa kasoro ya chombo. Hata hivyo, anayetaka amplifaya itakayompendezesha jinsi alivyo leo, atafute nyingine.

Swichi ya FAT huongeza sauti za kati na kusukuma valvu za mwanzo zaidi. Kwa gitaa langu, lenye pikapu (visumaku vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja, ni msaada mkubwa wakati wa solo ndefu, ingawa kwenye rizimu hujaza mno nafasi ya besi na naizima. Mwangwi wake ni wa springi halisi: sauti hupitishwa kwenye springi zilizowekwa ndani ya kisanduku chembamba kilichofungwa chini ya kabati, na mtikisiko wao ndio unaousikia. Kwenye mbili unaipa noti mkia mfupi wa kupendeza, unaofanana na chumba chenye sakafu ya saruji na dari ya juu. Zaidi ya nne sijawahi kuuhitaji. Mtu akiigonga amplifaya kwa goti huku mwangwi umefunguliwa, springi hugongana na kutoa radi inayowashtua wageni, kwa hiyo isiwekwe juu ya jukwaa la mbao linalochezewa.

Sasa nije kwenye safari yake, kwa sababu amplifaya ya valvu haisafirishwi kama gunia la korosho. Yangu ilikuja kutoka Dar es Salaam ndani ya buti la basi, zaidi ya kilometa 550, ikiwa imefungwa kwa blanketi moja na kamba. Nilipoiwasha ilikoroma, ikapasuka kwa milio kama mafuta yaliyodondokewa na maji, kisha ikatulia, kisha ikaanza tena. Niliipeleka kwa fundi redio mmoja wa Magomeni ya hapa Mtwara, mzee ambaye siku hizi hutengeneza zaidi feni na televisheni bapa, lakini aliyejifunza kazi kwenye redio za valvu. Alipofungua bamba la nyuma na kuona vile vioo vitano, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, hizi umezitoa wapi?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba amplifaya hizi bado zinatengenezwa hadi leo. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha maandishi ya bamba la nyuma.

Namna alivyofanya kazi ndiyo ningependa kila mmiliki aijue. Alichomoa waya wa umeme, akasubiri, na hata baada ya kusubiri hakuingiza mkono. Alieleza kwamba kapasita kubwa za ndani huhifadhi umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya chombo kuzimwa, na kwamba umeme huo unaweza kuua mtu ambaye hakugusa hata soketi ya ukutani. Alizimaliza nguvu kapasita hizo kwa rezista aliyoishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, mkono wa pili akiwa ameuweka mgongoni, kisha akapima kwa mita hadi namba ikashuka karibu na sifuri. Alizikandamiza valvu zote katika soketi zake, kwani mbili zilikuwa zimechomoka nusu kwa mtikisiko wa barabara, akafunga, akawasha. Ikabaki sauti ya kengele hafifu kila nilipopiga noti ya juu. Akachukua penseli ya mbao na kugonga taratibu valvu ndogo moja baada ya nyingine kwa upande wa kifutio. Mbili za kwanza zilitoa mlio mdogo tu. Ya tatu iliitika kwenye spika kama glasi iliyogongwa kwa kijiko. "Ndiyo hii," alisema. "Vyuma vyake vya ndani vimelegea, sasa inasikia kila kitu kama maikrofoni."

Valvu mpya ya ECC83 niliagiza kupitia jamaa wa Dar es Salaam, na ilichukua wiki mbili kunifikia. Mtwara sijaona duka linaloziuza. Duniani kote viwanda vinavyozitengeneza vimebaki vichache, vilivyo maarufu zaidi vikiwa Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo anayenunua amplifaya ya namna hii akiwa huku kwetu aagize za akiba siku hiyohiyo, asingoje moja ife usiku wa harusi. Wakati wa kuchukua chombo changu nilimsimulia fundi kwamba Leo Fender mwenyewe alianza kama fundi redio, na kwamba mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, kabla ya kuanzisha kampuni yake ya vyombo vya muziki mwaka 1946. Mzee alifurahi sana, na alipunguza bei ya ufundi.

Mambo mengine mawili aliyonikataza nimeyashika. La kwanza, usiiwashe kamwe ikiwa waya wa spika umechomolewa. Transfoma inayopeleka nguvu kwenye spika huweza kuungua kwa kukosa mahali pa kuipeleka, na hiyo ni miongoni mwa sehemu ghali kabisa za amplifaya. La pili, usiibebe ikiwa bado ya moto, kwani vyuma vilivyomo ndani ya valvu vikiwa vimepashwa huyumba kwa urahisi. Nikimaliza kupiga, naizima na kuiacha kwa robo saa huku nikikunja nyaya na kusalimiana na watu.

Umeme unahitaji aya yake. Amplifaya yangu ni ya volti 230, kama umeme wetu, na nililazimika tu kuibadilishia plagi ya pini mbili za duara kwa yetu ya pini tatu bapa, huku nikihakikisha waya wa ardhi umeunganishwa sawasawa. Zipo nyingine zinazoletwa na mabaharia au ndugu waliotoka Marekani, nazo ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja katika ukuta wa Kitanzania, heri yako ni fyuzi kukatika haraka. Soma bamba la nyuma kabla ya kutoa pesa. Hata ile ya volti 230 haiko salama yenyewe, maana nilipopima soketi ya nyumbani kwangu kwa wiki moja, jioni watu wanapowasha majiko na pasi nilipata volti 196, na alfajiri 241. Volti zikishuka, vipasha moto vya valvu hupoa na sauti huwa ya uvivu, kama mwimbaji aliyeamshwa. Zikipanda, kila kitu ndani hubeba mzigo usio wake. Stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, ya VA 1,000 imelimaliza tatizo hilo, nami naihesabu kama sehemu ya bei ya amplifaya, si ziada.

Jenereta ni habari nyingine. Katika harusi moja Mikindani umeme ulikatika katikati ya kuingia kwa maharusi, jenereta ya ukumbi ikawashwa, na kwa dakika chache kabla haijatulia nilisikia sauti yangu ikipumua, ikivimba na kunywea kwa kufuata mngurumo wa injini. Siku hizi, umeme ukikatika, nazima kwanza, nasubiri jenereta ishike mwendo, na ndipo nawasha. Kwa kuwa valvu huhitaji nusu dakika hivi kupata moto kabla ya kutoa sauti, nimekubaliana na mpiga besi kwamba yeye na ngoma wataubeba wimbo mpaka nirudi.

Harusi hiyohiyo ndiyo iliyoniondolea hofu ya wati 15. Huku kwetu namba za wati huzungumzwa kwa maelfu, na mwenye vyombo aliitazama amplifaya yangu kwa huruma, akaniuliza, "Kaka, hiki kitasikika kweli?" Kilisikika hadi barabarani. Sikio haliongezi sauti kwa kiwango ambacho wati zinaongezeka: ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu inahitajika nguvu mara kumi, na kutoka wati 15 kwenda 30 ni tofauti ndogo kuliko mtu anavyodhani. Jukwaani inatosha kabisa pamoja na ngoma. Kwa ukumbi mkubwa au uwanja wa wazi tunaweka mbele yake maikrofoni ya Shure SM57 na kuipeleka kwenye mikisa, na hapo nimejifunza kwamba maikrofoni ikielekezwa katikati ya spika sauti huwa kali, ikisogezwa pembeni kwa upana wa vidole vitatu huwa tulivu. Mimi nachagua pembeni. Msimu wa malipo ya korosho, sherehe zinapofuatana karibu kila wikiendi, nimekwisha kuitumia hivyo katika kumbi za Shangani na Ligula na hata safari moja ya Lindi, na hakuna mshereheshaji aliyenitaka nipandishe.

Hewa ya pwani nayo ina madai yake. Kila baada ya wiki sita nachomoa jeki ya waya wa gitaa na kuipangusa, nazungusha kila kitufe mara kumi huku chombo kimezimwa, na kuangalia skrubu za nyuma kama zimeanza kuota kutu. Siiweki sakafuni usiku. Huifunika kwa kitenge, lakini baada ya kupoa tu, maana mgongo wake ulio wazi ndio unaotoa joto, na ukiuziba ikiwa inawaka unajitafutia hasara. Usiku taa zikizimwa, kupitia uwazi huo unaona nyuzi za valvu ziking'aa rangi ya makaa yaliyofifia, na vumbi la moto hutoa harufu ya redio ya zamani ambayo wenye umri wangu tuliijua nyumbani kwa babu.

Si chombo cha kila mtu. Anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye korido moja na vyumba sita hataweza kuifungua ifikie mahali pake bila kugombana na majirani, na kwa kuwa haina tundu la hedifoni, mazoezi ya usiku hayatawezekana. Huyo atanufaika zaidi na amplifaya ya kisasa ya transista au ya kidijitali, na baadhi yake ni nzuri sana. Anayepiga muziki mzito wenye mkwaruzo mwingi tangu mwanzo hadi mwisho ataona mkwaruzo wa hii ni mdogo na atalazimika kununua pedali ya kuuongeza. Anayesafiri kila wiki kwa barabara mbovu ajue kwamba valvu zitalegea. Kwa mpiga solo au rizimu wa dansi, injili au taarabu, mwenye mahali pa kupigia mchana na mwenye subira ya miezi michache, sijakutana na kifaa kingine cha bei hii kinachomrudishia mpigaji kile hasa alichokitia.

Mpaka leo nimetumia, juu ya bei ya kuinunua, shilingi 180,000 za stabilaiza, 60,000 za valvu moja ndogo, na malipo ya fundi ambayo yalikuwa madogo kuliko kazi aliyoifanya. Jozi ya EL84 za akiba nimeagiza mwezi huu, na nitakapozibadilisha nitazibadilisha zote mbili kwa pamoja, zikiwa zimepimwa na kulinganishwa na muuzaji, kwani mvutaji mmoja wa msumeno akiwa mpya na mwenzake mchovu, gogo halipasuki sawa.

Anayepata nafasi ya kuijaribu kabla ya kununua aende na gitaa lake mwenyewe. Aiache ipate moto kwa dakika mbili, aweke masta kumi, voliyumu tatu, sauti ya kati saba, mwangwi mbili, na apige rizimu ya wimbo anaoujua kwa dakika kumi, akibadilisha nguvu ya mkono peke yake, kabla hajagusa kitufe kingine chochote.